Tembo la mnazi lina saa zake

Mteja wa tembo akikunja uso hulaumu mmoja kati ya wawili: mnazi umezeeka, au mgema katia maji. Mara nyingi wote wawili hawana hatia. Lililoharibu ni saa na chombo. Tembo la mnazi uleule, lililogemwa na mkono uleule, likidondoka tu ni tamu hata mtoto hulinywa, nusu siku baadaye limeshachachuka na kuwa kileo, na baada ya siku chache halina kazi ila kwenye achari. Halipikwi, halitiwi hamira, wala halimsubiri mtu aamue liwe nini. Anayelijua tembo huanza kwa kuuliza limeshushwa saa ngapi.

Jina kwanza, ili tusipishane. Kilifi na Kwale kinywaji huitwa mnazi kama mti wenyewe, na Wagiriama kwa lugha yao husema uchi. Unguja, Pemba na Mrima, yaani pwani ya bara inayokabili visiwa hivyo, ni tembo. Hapa nitasema tembo, mnazi ubaki kuwa mti.

Juu ya mnazi

Utomvu hautoki shinani. Wasiowahi kumwona mgema kazini hudhani hutoboa gogo, au hulichanja kama wanaogema mpira. Hutoka kwenye kole changa, lile shada linalobeba maua na baadaye nazi, wakati maua bado yamefungwa ndani ya karara, ala yake ngumu. Chakula ambacho mti ungekipeleka kwenye upunga, kisha kwenye vidaka, vitale na madafu mpaka nazi ikomae, ndicho mgema anachokikinga njiani. Kwa hiyo kole likigemwa halizai. Mnazi mrefu hutoa kole jipya karibu kila mwezi, na mwenye shamba ndiye anayeamua mangapi yawe tembo na mangapi yawe nazi. Mnazi unaogemwa mfululizo bila kupumzishwa huonekana: makole yanayofuata hutoka mafupi na membamba, na tembo lake huwa jepesi.

Karara linalofaa ni lile lililofikia urefu wake, sentimita 60 hadi 90 hivi, limetuna katikati, lakini halijaanza kupasuka. Likishapasuka umechelewa, kwa sababu upunga umeshatawanyika na kila kijiti cha ua kitavuja upande wake. Likiwa changa mno utahangaika nalo wiki nzima usipate hata tone.

Kazi ya kwanza ni kulifunga. Mgema huzungushia kamba nyembamba ya makumbi, au ukindu, kuanzia karibu na shina la kole hadi ncha, mizunguko ikiwa karibu karibu na imebanwa sawasawa. Maua yaliyo ndani yanasukuma ili yafunguke, na kamba ndiyo inayoyazuia. Mzunguko mmoja ukilegea karara hupasukia hapohapo, na utomvu utaanza kutokea kwenye ufa badala ya kwenye ncha. Wagema wazuri hurudia kufunga kila baada ya siku kadhaa kwa kuwa kole husinyaa kadiri linavyokatwa, na kamba iliyokuwa imebana juzi leo inacheza.

Kisha huja kazi ambayo wengi hawaijui, nayo ndiyo inayotenganisha fundi na mbabaishaji: kulipiga. Kwa mpini wa kisu au kipande cha mti mgumu, mgema huligongagonga karara pande zote, asubuhi na jioni, kwa wiki moja hadi mbili. Hagongi ili kulipasua. Anachotaka ni kuvilegeza viungo vya ndani bila kuvisaga. Kipigo kikiwa hafifu utomvu hautiririki. Kikizidi, nyama ya ndani huchubuka na kuoza. Kole huwa jeusi, hunuka, na huisha kabla halijatoa kitu. Hakuna kipimo cha kuandika hapa. Mgema husikiliza sauti ya kipigo. Karara gumu hutoa mlio mkavu, na likianza kulainika sauti hudidimia.

Siku hizohizo kole huinamishwa kidogo kidogo. Linapoanza limesimama wima, na utomvu hauwezi kuingia chomboni likiwa vile. Hufungwa kamba kwenye kuti la chini na kuvutwa kila siku kiasi, mpaka ncha ielekee chini. Mwenye haraka hulivunja shingoni, na kole lililovunjika shingo halina dawa.

Ncha hukatwa kidogo tangu siku za mwanzo, na siku moja sehemu iliyokatwa huanza kulowa. Hapo kibuyu kinatundikwa, na saa inaanza kuhesabu.

Kotama

Kisu cha mgema ni kotama, kifupi, kipana, kimepinda, na makali yake yanashinda ya kisu chochote cha jikoni. Hakikatiwi kuni wala hakimenyewi mihogo. Kinanolewa kwa kinoo kila siku, maana kisu butu hakikati mishipa ya kole, kinaiponda, na mshipa uliopondwa hujifunga.

Kole hukatwa upya asubuhi na jioni, na wengine huongeza mara ya tatu mchana. Sababu ni kwamba jeraha la mti linajiponya. Ndani ya saa chache mdomo wa kole hujaa ute na vijidudu, na matone hupungua. Ukikata kipande chembamba unaifungua mishipa upya. Unene ndio hesabu yenyewe. Tuseme kole lina sentimita 45 za kukatwa. Ukikata milimita 5 mara mbili kwa siku, linakwenda sentimita moja kila siku na utaligema siku 45. Ukikata sentimita nzima kila mara, kwa tamaa ya kuona matone mengi, siku 22 zimeisha na matone hayakuongezeka, kwa sababu kinachotoa utomvu ni upya wa jeraha. Kina chake hakisaidii kitu.

Mnazi wenye afya hutoa lita moja hadi mbili kwa siku, ukiwa na mvua ya kutosha, na zaidi kama unagemwa makole mawili kwa pamoja. Kiangazi hupungua. Usiku hutoka zaidi kuliko mchana, kwa kuwa jua halikaushi majani.

Kuhusu kupanda sitasema mengi. Kila anayeishi karibu na minazi anajua vidato vinavyochongwa kwenye gogo na kitanzi cha kamba cha miguuni. Ila piga hesabu moja. Minazi 15 yenye urefu wa mita 15, mara mbili kwa siku, ni mita 450 za kupanda na 450 za kushuka, kotama kiunoni na kibuyu kilichojaa ubavuni. Hatari haiko gogoni. Iko juu kabisa, pale mgema anapouacha mti na kushika kuti. Kuti bichi linamshika mtu. Kuti lililoanza kukauka linang'oka lote pamoja na kilifu chake, ule wavu wa nyuzi ulio shinani mwa kuti. Vidato vilivyojaa maji ya mvua huota ukungu na kuteleza, na vinaozesha gogo pia, ndiyo maana vizuri huchongwa kwa mteremko wa kutoa maji nje.

Mgema pia ndiye wa kwanza kumwona chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi. Dalili ni kuti jipya lililokatika kama limepigwa mkasi. Mwenye shamba aliyeko chini atajua miezi baadaye, mti ukishaanza kufa.

Kibuyu ndicho chachu

Utomvu unapodondoka kutoka kwenye kole safi hauna ulevi wowote. Ni maji ya sukari, asilimia 12 hadi 15, sukari ileile ya miwa, na pH yake, kipimo cha uchachu ambacho hushuka kitu kikichacha, iko karibu na 7. Kinachougeuza ni wageni: chachu ya porini iliyo hewani, kwenye kole, miguuni mwa nyuki, na zaidi ya vyote ndani ya kibuyu cha jana. Kibuyu kina ngozi yenye vinyweleo, na sira ya tembo la jana imeganda humo. Tone la kwanza likigusa sira hiyo, kazi imeshaanza.

Kwa hiyo mgema anayetaka tembo kali la kuuza mchana hahitaji kufanya lolote. Anamwaga, anakitundika kibuyu kilekile, anashuka. Anayetaka tembo tamu ana kazi. Kibuyu kinasuguliwa, kinamiminiwa maji ya moto, kinakaushwa juani au kwa moshi, na kinabadilishwa kila anapopanda. Hata hivyo tembo lililokaa usiku kucha juu ya mnazi, saa 12 nzima kwenye joto la pwani, halitashuka likiwa tamu kabisa. Tamu ya kweli ni ile iliyokingwa kwa saa mbili tatu kwenye chombo kipya na kushushwa mara moja.

Sri Lanka, ambako minazi inagemwa kwa kutengeneza sukari, chombo hupakwa chokaa ndani. Chokaa huipandisha pH na chachu hushindwa kufanya kazi. Ni njia nzuri kwa anayekwenda kuuchemsha utomvu, kwa sababu chokaa inaweza kuondolewa baadaye. Kwa anayetaka kunywa, kinywaji kinabaki na ladha ya ukuta.

Galoni za plastiki zimeingia sehemu nyingi badala ya vibuyu, na wazee hulalamika kwamba tembo lake halina ladha. Wana haki kwa upande mmoja: plastiki haishiki sira kama kibuyu, kwa hiyo tembo huchelewa kuchachuka na halifanani siku hadi siku. Lakini inaoshwa ikaisha uchafu, na haipasuki ikidondoka. Kibaya ni galoni iliyowahi kubeba mafuta ya taa au dawa za shambani. Harufu ile haiondoki kwa sabuni yoyote, na sumu nayo haiondoki.

Wageni wengine wana manyoya. Komba analipenda tembo kupita kiasi, anapanda usiku, anaramba kole na kuingiza kichwa kibuyuni. Wenyeji husema mlevi kama komba, na waliosema hivyo walikuwa wamemwona. Popo nao huja. Hili la popo si la kuchekea. Bangladesh, ambako watu hunywa mbichi utomvu wa mtende wa porini wakati wa baridi, popo wanaoramba chombo usiku wameambukiza wanywaji virusi vya Nipah, na huko wagema wanahimizwa kufunika kole na chombo kwa vikinga vya mianzi. Pwani yetu haina historia hiyo, lakini kipande cha kilifu kilichofungwa mdomoni mwa kibuyu hakigharimu kitu, kinazuia komba, nyuki na takataka, na kinapunguza maji ya mvua.

Saa kwa saa

Saa mbili tatu baada ya kudondoka, viputo vinaanza. Utomvu uliokuwa na uwazi kidogo unakuwa mweupe. Weupe huo ni chachu yenyewe, mamilioni yake, pamoja na ute unaotengenezwa na bakteria. Ukiinamisha kata utaona linamiminika kwa uzito kidogo kuliko maji. Utamu upo, na ukali ndio unabisha hodi.

Saa 8 hadi 12 baada ya kudondoka limefika asilimia 4 hadi 5 za kileo, sawa na bia ya kawaida, na hapa ndipo wanywaji wengi wanalitaka: utamu umepungua, gesi inachoma pua, uchachu haujashika usukani. Kufikia siku nzima linaweza kugusa asilimia 6, lakini pH imeshuka hadi 4 au chini yake, na bakteria wa siki wameanza kukigeuza kileo kuwa asidi. Siku ya pili ni ya wenye meno magumu. Baada ya hapo kileo chenyewe kinapungua na siki inaongezeka, kwa hiyo anayedhani tembo likikaa zaidi linakuwa kali zaidi anachanganya ukali wa kulevya na ukali wa kuchacha.

Gesi ndiyo inayowaumiza wasafirishaji. Tembo linalochachuka halifungwi kizibo cha kubana. Galoni hujazwa robo tatu, kifuniko kinalegezwa, na safari ikiwa ndefu kinafunguliwa njiani. Chupa ya kioo iliyojazwa tembo la asubuhi na kufungwa sawasawa inaweza kupasuka kabla ya alasiri, na vipande vyake vinafika mbali. Friji hupunguza kasi ila haisimamishi. Anayetaka kulisimamisha hulipasha moto hadi nyuzi 70 hivi, bila kulichemsha, kwa nusu saa, likiwa tayari kwenye chupa zilizo ndani ya maji. Hapo chachu hufa na kinywaji hukaa wiki kadhaa, lakini gesi na uhai wake vimekwenda. Wapenzi wa tembo hulinywa hilo kwa heshima tu.

Sasa chukua saa hizo uziweke kando ya saa za sheria. Kenya ilipopitisha sheria ya vileo ya 2010, ile inayojulikana kwa jina la Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, baa ziliruhusiwa kuuza siku za kazi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, na mwisho wa wiki kuanzia saa 8 mchana. Kwa kinywaji cha chupa hakuna ubaya. Bia inaweza kukaa kwenye kreti mwezi mzima ikisubiri saa 11. Tembo lililoshushwa saa 1 asubuhi, baada ya kuchachuka usiku kucha juu ya mti, likifika saa 11 jioni limemaliza saa 22. Mwenye mangwe, yaani kilabu cha tembo, alikuwa na njia tatu: auze kwa siri, auze lililochacha, au alirekebishe kwa sukari na maji. Kila njia ilizaa malalamiko yake, na malalamiko yakarudi kwa mgema. Tangu ugatuzi leseni ziko mikononi mwa kaunti, na kaunti zenye minazi zina nafasi ya kutunga saa zinazolingana na kinywaji chenyewe.

Kuhusu maji

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii imewasema wagema vibaya kwa vizazi vingi, na wapo wanaostahili. Ila masika maji huingia bila mkono wa mtu: mvua inateremka kwenye makuti, inafuata kole hadi ncha, inaishia kibuyuni. Tembo la asubuhi baada ya mvua ya usiku ni jepesi hata mgema awe walii.

Kulitambua lililotiwa maji baada ya kushushwa si kugumu kwa ulimi uliozoea. Povu lake hufa upesi. Uchachu unatangulia, utamu haufuati, na mdomoni hakuna uzito. Muuzaji akijua umetambua, ataongeza sukari ya dukani. Hapo utamu unarudi, lakini unakaa juu juu na haujachanganyika na gesi, mpaka chachu ipate saa chache za kuula. Kwa wanaonunua kwa wingi, rifraktomita, kipimo cha sukari kinachotumiwa na wafuga nyuki na wakulima wa matunda, inafanya kazi vizuri kwenye tembo tamu: tone moja, na ikisoma sukari chini ya asilimia 10 uliza maswali. Kwenye tembo kali haifai, kwa sababu sukari imeshaliwa na kileo kinavuruga usomaji.

Ubaya mkubwa wa maji ni yametoka wapi. Tumbo la kuendesha ambalo watu husingizia tembo kwa kawaida limetoka kwenye kisima kilicho karibu na choo, au kwenye galoni chafu. Nyuki na siafu waliozama wanachujwa kwa kilifu na hawajamdhuru mtu. Wamijikenda, makabila ya pwani ya Kenya wakiwemo Wagiriama, hunywa kwa mrija wenye kichujio mwishoni, na unasaidia kuwaacha wadudu hao chini.

Wanywaji wenyewe hawapendi kulitaja jambo kwa jina lake. Mtu hapigi tembo, anapiga maji, anapiga mtindi, anapiga ulabu; jirani yake atasema kachangamka, kisha kalewa, na mambo yakiharibika ni chakari au tilalila. Kwa Wamijikenda, hata hivyo, kuna tembo ambalo halisemwi kwa mafumbo. Kadzama, kibuyu cha tembo kinachopelekwa kwa wazee wakati wa posa, kesi au tambiko, hutajwa waziwazi na kuhesabiwa, na lililochacha likipelekwa linasemwa hadharani. Mgema wa kadzama hutafuta kibuyu kisafi na hupanda alfajiri.

Jikoni

Nyumba nyingi za Kiislamu za pwani hazinywi tembo kali, lakini tembo lina njia yake ya kuingia jikoni, na saa ndiyo inayoamua lipite mlango upi. Lililo tamu kabisa, kabla ya viputo, ni kinywaji tu. Ukitaka kulipika liwe asali ya tembo, lichemshe papo hapo kwenye sufuria pana. Lita 7 hadi 8 hutoa kilo moja ya sukari ngumu, kwa hiyo jiandae kwa kuni nyingi. Litapanda povu kama maziwa. Kijiko cha mafuta ya nazi au nazi iliyokunwa hulituliza. Mwishoni moto unapunguzwa na mkono haupumziki, maana hapo huungua kwa dakika moja. Tembo likishaanza kuchachuka, sukari yake imevunjika na haitaganda hata uchemshe mpaka jioni. Litabaki asali nzito, nayo si hasara.

Kabla hamira ya pakiti haijajaa madukani, vitumbua na mikate ya kumimina viliumuliwa kwa tembo. Nusu kilo ya mchele ulioloweka usiku husagwa kwa tui zito, kisha kikombe kimoja cha tembo lililochachuka kwa saa tano sita, lenye viputo vilivyo hai, hutiwa pamoja na iliki na sukari. Hamira ya dukani huumua kwa saa moja; tembo linataka saa tatu au nne mahali pa joto. Lililopashwa moto halitaumua kitu. La jana litaumua, lakini kitumbua kitakuwa kichachu na katikati kitadidimia. Ladha ya kitumbua cha tembo haipatikani kwa hamira, na anayesema inapatikana hajala.

Siki ndiyo mlango wa mwisho. Tembo kali la siku moja huchujwa, hutiwa kwenye mtungi wa udongo au chupa ya mdomo mpana, chombo kisijazwe, kwa sababu bakteria wa siki wanataka hewa. Mdomo hufunikwa kitambaa chepesi cha kuzuia nzi, na chombo huwekwa kivulini mahali pasipoguswa. Baada ya siku kadhaa utando mzito hujiunda juu. Ndio unaofanya kazi, usiuvuruge wala usiutoe. Wiki nne hadi nane baadaye harufu ya kileo imekwisha. Kwa madhehebu ya Shafi, wanayofuata Waislamu wengi wa pwani, ulevi uliogeuka siki wenyewe bila kutiwa kitu ni tohara, na uliosaidiwa kwa kutiwa kitu ndani una neno. Kwa hiyo usiongeze siki ya zamani, chumvi wala pilipili mpaka umalizike kugeuka.

Likishakuwa siki, chuja tena, jaza chupa hadi shingoni ili hewa isibaki, na hapo ziba kwa nguvu. Ikiachwa na hewa nyingi bakteria walewale, wakikosa kileo, wataanza kuila asidi yenyewe na siki itafifia. Vifuniko vya chuma havifai, hula kutu na kuchafua rangi. Plastiki au kizibo cha gome vinatosha. Masalio meupe yakitua chini ya chupa ni chachu iliyokufa, mimina taratibu uyaache hapo.